Rangi ya gari na mawe ya barabarani: tunayoyajua kutoka gereji za Tanga

Chukua gari lolote linalokwenda Segera na kurudi Tanga mara kwa mara, iwe IST, Noah au Harrier. Lisimamishe kivulini, chuchumaa mbele ya boneti na uitazame rangi kwa ulalo. Vidoa vitajitokeza vyenyewe. Vingi vimejaa ukingo wa mbele wa boneti, upana wa viganja viwili kutoka kwenye sho (grili ya mbele), na kwenye bampa kuzunguka taa. Panda na macho: nguzo mbili za kioo cha mbele, ukingo wa paa juu ya kioo, migongo ya saitimira. Halafu piga magoti ubavuni. Nyuma ya tairi la mbele, kwenye kizingiti chini ya mlango, na mbele ya tairi la nyuma pale bodi inapotanuka, rangi imesagwa mpaka imekuwa butu. Basi, maeneo ni hayo. Buti, nusu ya juu ya milango na paa kwa nyuma karibu hayaguswi na mawe kabisa.

Tunaanza hapo kwa sababu pesa nyingi hupotea kulinda pasipopigwa. Mtu analipia gari zima ling'arishwe, kisha vizingiti vinabaki wazi, na miaka michache baadaye ni vizingiti hivyohivyo vinavyooza.

Mawe ya mkoa wetu huja kwa njia mbili. Barabara ya lami ya Segera, na ile ya Horohoro kwenda mpakani, zinapita malori ya saruji ya Pongwe, mawe ya chokaa na shehena za bandarini. Lori la kokoto lisilofungwa turubai humwaga kidogokidogo, na kokoto hujikusanya katikati ya njia na pembezoni, zikisubiri tairi. Hizo hupiga uso wa gari. Njia ya pili ni rafu rodi: vipande vya kwenda Pangani ambavyo havijapata lami, njia za kupanda Amani kutoka Muheza, njia za mashamba ya mkonge. Huko ni matairi yako mwenyewe yanayochimba mawe na kuyarusha kwenye ubavu na tumbo la gari lako. Kinga ya uso haisaidii ubavu, na ya ubavu haisaidii uso. Kwa hiyo jiulize kwanza unaendesha wapi zaidi.

Juu ya hayo kuna bahari. Kidonda cha jiwe ambacho Dodoma kingekaa kikavu kwa miezi, Tanga hugeuka kahawia ndani ya siku chache, hasa kama gari linalala karibu na ufukwe upande wa Raskazone. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuukalisha juu ya bati, na maji yenye chumvi huharakisha kutu kuliko maji matupu. Kutu nayo haikai ndani ya tundu lake. Hutambaa chini ya rangi nzima, huiinua, na unachokiona juu ni lengelenge. Ukilitoboa lengelenge la upana wa punje ya mchele, mara nyingi utakuta chini yake eneo mara mbili au tatu. Hivyo kwetu kazi hii ni nusu kuzuia jiwe, na nusu kuziba upesi pale lilipopiga. Anayefanya nusu ya kwanza tu, hata kwa gharama kubwa, bado gari lake litaota kutu.

Rangi yenyewe ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Tabaka zote za kiwandani kwa pamoja huwa na unene wa maikroni 100 hadi 150, yaani milimita 0.1 hadi 0.15. Chini kabisa, juu ya bati, kuna koti la kuzuia kutu ambalo kiwanda hulipaka kwa kuizamisha bodi kwenye tangi na kupitisha umeme. Hilo ni takriban maikroni 20. Juu yake praima, 30 hadi 40. Kisha rangi yenyewe, 15 hadi 20 tu. Mwisho klia, koti la juu la uwazi, 35 hadi 50. Jiwe likipiga, klia hupasuka, rangi hung'oka pamoja nayo, na mara nyingi mng'oko husimama kwenye praima.

Jifunze kukisoma kidonda kabla hujakigusa. Ndani kukiwa na kijivu au weupe uliofifia, praima bado ipo na bati limefunikwa, una muda. Ukiona mng'ao wa chuma, bati liko wazi, na hapa Tanga hiyo ni kazi ya wiki hiihii. Ukahawia maana yake kutu imeshaingia, na huwezi kupaka kitu juu yake kabla ya kuitoa. Unga mweupe chini ya rangi iliyovimba unaelekeza kwingine: ama bati lina mfuniko wa zinki, ama si bati kabisa, ni alumini. Baadhi ya magari, Subaru Legacy kwa mfano, yana boneti la alumini. Weka sumaku, isiponasa, dawa ya kubadili kutu ya chuma haikuhusu.

Angalia pia umbo la kidonda. Rangi ya kiwandani ikipigwa hutoa kitundu kidogo, kichwa cha njiti ya kiberiti au pungufu, na kingo zake zimeshika imara. Jiwe dogo likibandua kipande cha upana wa kidole gumba, na kingo zinainuka ukizigusa kwa ukucha, hapo jiwe limefichua tu ubovu uliokuwepo. Rangi hiyo haikushika tangu mwanzo. Ama ilipigwa juu ya rangi ya zamani bila msasa wa kutosha, ama bodi ilikuwa na mafuta au nta, ama bampa la plastiki lilipakwa bila praima ya plastiki. Kwenye gari la namna hiyo hakuna filamu (plastiki ya uwazi inayobandikwa juu ya rangi) wala nta itakayosaidia. Kipande hicho kinahitaji kupakwa upya. Mwenye kipimo cha unene atagundua mapema: kikisoma zaidi ya maikroni 250, eneo hilo limewahi kurudiwa, na kikipita 1,000, chini kuna fila, ile ya kujazia mabonde. Magari mengi yaliyotumika huwa na kipande kimoja au viwili vilivyorudiwa, kwa hiyo pima kabla ya kununua filamu, si baada.

Sasa mwendo, maana ni kinga isiyogharimu shilingi. Jiwe linaloruka nyuma ya lori halikukimbilii kwa kasi kubwa. Tairi hulirusha juu, linaning'inia hewani kwa muda mfupi, na ni wewe unayelifuata na kuligonga. Kinachopiga rangi yako zaidi ni kasi yako mwenyewe, na nguvu ya pigo hukua kwa mraba wa kasi hiyo. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 80, pigo huongezeka kwa takriban asilimia 78. Ukiwa nyuma ya lori kwa kilomita 80 kwa saa, gari lako linakata mita 22 kila sekunde. Achia sekunde 5, yaani mita 110 hivi, na mawe mengi yatakuwa yameshatua kabla hujafika. Wengi wetu tunafuata kwa sekunde moja na nusu, tukichungulia nafasi ya kuovateki. Mahali hapo ndipo pa hatari kuliko pote, kwa rangi na kwa kioo. Kama unapita, pita moja kwa moja; kama hupiti, rudi nyuma.

Kwa gari linalokuja mbele yako hesabu inageuka, maana kasi yako na ya jiwe lililorushwa kuelekea kwako vinajumlishwa. Punguza mwendo mapema kabla hamjapishana, na usikimbilie pembeni kwenye changarawe kwa kudhani unajiokoa, kwa sababu huko tairi lako la kushoto litaanza kurusha yake. Pale ambapo lami imerudishiwa kokoto mpya zisizoshikana bado, kilomita 40 kwa saa inatosha. Na ukitoka rafu rodi kuingia lami, simama dakika mbili, toa kwa bisibisi mawe yaliyobanwa kwenye meno ya matairi. Matairi ya meno makubwa hubeba mawe hayo na kuyaachia kasi inapopanda, na la kwanza kuyapata ni bodi lako na la anayekufuata.

Kitu cha kwanza cha kununua ni madigadi, vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya matairi. Tunalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu hulidharau; ni kipande cha mpira tu, hakina sifa ya kuonyesha jirani. Lakini kwa gari la Tanga ndicho kinachookoa bati zaidi kwa pesa ndogo zaidi. Magari mengi kutoka Japani huja bila madigadi, au na vile vidogo vya plastiki ngumu ambavyo ni pambo zaidi kuliko kinga.

Digadi zuri la gari dogo ni la mpira wa unene wa milimita 4 hadi 6. Mpira mwembamba zaidi hupeperuka kinyumenyume ukikimbia, na mawe hupita chini yake. Mkanda wa konveya uliochakaa unafaa sana: una nyuzi ndani, haupasuki kwenye skrubu, na hukatika vizuri kwa kisu kikali kilicholoweshwa maji ya sabuni. Upana uzidi tairi kwa sentimita 2 hadi 3 kwa upande wa nje. Hapo ndipo wengi hukosea, maana hulipima digadi kwa tairi la kiwandani kisha hufunga rimu pana. Tairi likijitokeza nje ya fenda hata kidogo, mawe hupita pembeni ya digadi na kwenda moja kwa moja kwenye mlango. Kwa urefu, ukingo wa chini ubaki sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini gari likiwa na watu na mizigo. Ukiliacha juu mno halilindi kitu. Ukilishusha mno, tuta la kwanza litaling'oa pamoja na kipande cha fenda.

Kabla ya kufunga, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, digadi likiwa limeshikiliwa kwa mkono mahali pake. Acha nafasi ya vidole viwili kati yake na tairi. Tumia matundu ya skrubu ambayo kiwanda kimeshayaweka ndani ya fenda kadiri inavyowezekana. Ukilazimika kutoboa, basi kila tundu jipya ni kidonda umekifanya kwa mkono wako: lisafishe kingo, lipake praima ya epoksi, liache likauke, kisha funga skrubu ya stenlesi yenye washa ya plastiki pande zote mbili ili chuma kisikutane na chuma kwenye chumvi. Tumeona magari ambayo kutu ya upinde wa tairi ilianzia hasa kwenye tundu la digadi. Tena usilibane digadi moja kwa moja kwenye rangi. Mchanga huingia katikati na kusaga kila gari linapotikisika. Kipande cha filamu au mkanda mzito wa plastiki katikati hukomesha hilo. Kila baada ya safari ya vumbi, ingiza mpira wa maji kwa juu yake na uusukume mchanga utoke.

Baada ya madigadi ni vizingiti na matao ya ndani ya matairi. Hapa filamu ya bei mbaya haihitajiki. Kuna koti la mpira la kuzuia mawe, linalouzwa kwenye makopo ya kupuliza au chupa za kufunga kwenye bunduki yake maalumu, na likikauka huwa na chembechembe mithili ya ganda la chungwa. Lina ulaini unaolifanya jiwe lidunde badala ya kung'oa. Utaratibu wake: osha, kausha siku nzima, toa kutu yote mpaka chuma kinachong'aa, sugua rangi iliyobaki kwa msasa namba 180 hadi 240, futa kwa kiondoa nta, praima ya epoksi, kisha makoti mawili ya mpira, la pili baada ya la kwanza kukauka juu. Funika diski za breki, mabomba ya breki, ekzosti na matundu ya kutolea maji. Matundu hayo yako chini ya kizingiti, madogo, na fundi mwenye haraka huyaziba yote. Maji yakikosa pa kutokea, kizingiti huoza kutoka ndani huku nje kikionekana kizuri. Mara koti likikauka, pitisha waya mwembamba katika kila tundu.

Ulizia kama koti hilo linapakika rangi juu yake. Lile la lami nyeusi linafaa chini ya sakafu tu. Ukilipaka rangi, weusi hupenya juu na rangi haikauki vizuri. Kosa kubwa zaidi ni kulipaka lolote kati ya hayo juu ya kutu. Kutu iliyofunikwa inaendelea kula gizani, na unyevu uliofungiwa humo hauna njia ya kutoka.

Kuna ombi tunalolisikia kila mwaka masika yakikaribia: "Fundi, nipulizie oili chafu chini, si inazuia kutu?" Oili chafu huzuia kwa muda mfupi, kweli. Lakini hulainisha na kuvimbisha bushi na mabuti ya mpira, hunasa vumbi likawa tope zito linaloshika maji ya chumvi, na siku utakapotaka kupaka koti la kweli, hakuna kitakachoshika mpaka uoshe kila kona. Hudondoka pia kwenye udongo wetu na mifereji inayoelekea baharini. Nta ya kupuliza ndani ya vizingiti hufanya kazi hiyo kwa usafi zaidi.

Kuhusu filamu ya kulinda rangi. Iliyo bora ni ya poliyurethani, unene wa maikroni 150 hadi 200, kwa kawaida nene kuliko rangi yote iliyo chini yake. Hiyo ndiyo pekee, kati ya vitu vya uwazi, inayozuia jiwe kweli. Seramiki, dawa inayopakwa juu ya klia, haizuii. Ni tabaka la maikroni chache tu. Husaidia gari kuoshwa kirahisi na maji kuteleza, lakini jiwe hupita pale bila kulihisi. Anayekuuzia seramiki kama kinga ya mawe anakuuzia kisichokuwepo. Nta ndiyo nyembamba zaidi. Filamu ya PVC, ya bei ya chini, huanza kuwa njano na kukakamaa kwenye jua letu, na ikikakamaa hutoka vipandevipande na gundi hubaki.

Huhitaji kufunika gari zima. Kwa anayekwenda Segera kila wiki, bampa, boneti, migongo ya saitimira na nguzo za kioo zinatosha. Nusu ya boneti ni nafuu, lakini mstari wa mwisho wa filamu hukusanya vumbi, na baada ya miaka ya jua rangi iliyofunikwa na isiyofunikwa huachana, hasa nyekundu na nyeusi. Kwa gari la kazi si neno. Kwa gari unalotaka kuliuza baadaye, funika boneti lote.

Ubandikaji ni kazi ya usafi kuliko nguvu. Osha gari, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi kwa maji ya sabuni mpaka kiganja kiteleze bila kuhisi chembe, kisha futa kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji. Ziba vidonda vyote kwanza, kwa sababu filamu huonyesha kila kasoro na hufungia kutu iliyopo. Nyunyiza bodi na upande wa gundi kwa maji yenye matone machache ya shampuu ya mtoto kwa lita moja, telezesha filamu mpaka ikae, kisha kamua maji kwa kibao cha mpira kutoka katikati kwenda kingoni. Usikatie filamu juu ya rangi. Wembe ukipita filamu unaingia kwenye klia, na mstari huo ndipo kutu itakapoanzia. Kata kwenye meza kwa kielelezo, au tumia uzi maalumu wa kukatia. Pindisha kingo ndani pale zinapofikika. Usioshe gari kwa wiki moja, na mashine ya kuoshea isisogezwe chini ya sentimita 30 kutoka kwenye kingo daima. Filamu nyingi tunazoziona zimeinuka pembeni ziliinuliwa na mashine za kuoshea, si na mawe.

Rangi iliyopigwa karibuni isifunikwe kabla ya siku 30, kwa kuwa thina bado inatoka. Na kwa rangi ya zamani unayoitilia shaka, bandika maskingitepu mahali pa kificho, isugue, ing'oe kwa nguvu. Ikitoka na rangi, acha habari ya filamu.

Asiye na uwezo wa filamu na ana safari moja ndefu, maskingitepu ya mafundi rangi, ile isiyoshika sana, ikibandikwa safu mbili kwenye ukingo wa boneti inasaidia. Itolewe siku hiyohiyo ukifika. Ikilala juani, gundi huungua na kuigandua ni kazi ya siku.

Tunakuja kwenye kupiga tachi, yaani kuziba vidonda vidogo kwa rangi, kazi ambayo kila mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe na wengi huiharibu kwa haraka. Tafuta kwanza namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati cha mlango wa dereva au ukuta wa injini, mbele ya herufi C/TR. Namba 040 ni nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 silva, 070 nyeupe ya lulu. Hiyo ya lulu inahitaji chupa mbili, weupe wa chini kisha lulu juu yake. Ukitumia moja tu doa litaonekana kuliko kidonda chenyewe.

Fanya kivulini, bodi ikiwa baridi. Boneti jeusi juani linaweza kupita nyuzi 60, na hapo thina hukimbia kabla rangi haijatandaa, ikaacha vipovu. Masika, kati ya Machi na Mei, hewa huwa nzito, na rangi inayokauka haraka hupoza bati kiasi cha kuvuta umande: utaona ukungu mweupe juu ya klia. Subiri saa za kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri siku isiyo na mvua, na utumie thina ya kukauka polepole.

Osha kidonda kwa maji baridi na sabuni, suuza sana kutoa chumvi, kausha. Kingo zilizoinuka zing'oe kwa ncha ya pini. Ukiziacha, kutu itapita chini yake. Kahawia ikiwemo, ikwangue kwa ncha hiyohiyo mpaka chuma king'ae, kisha tone dogo la dawa ya kubadili kutu yenye asidi ya fosforiki, kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, na ufute isitapakae kwenye rangi nzima. Futa kwa spiriti. Kuanzia hapo usiguse kwa kidole.

Praima ni ya epoksi yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Ukihitaji kidogo, pima kwa bomba la sindano: kama kopo linasema 4 kwa 1, vuta mililita 4 na mililita 1. Kiasi hicho kinatosha makumi ya vidonda. Usikisie, kwa maana hadina pungufu huiacha praima laini milele, na ikizidi hupasuka. Weka kwa kijiti cha meno, tone dogo katikati ya kidonda, liache litambae lenyewe hadi kingoni. Brashi ya kwenye mfuniko wa chupa ni nene mno. Huacha doa kubwa mara tatu ya kidonda. Iache mpaka ikauke kwa muda wa kopo.

Kisha rangi. Silva na nyinginezo zenye chembe zinahitaji kutikiswa dakika mbili nzima, la sivyo chembe zinabaki chini ya chupa na unapaka kijivu. Makoti mawili au matatu membamba, nusu saa kati yake. Klia nayo matone mawili, la mwisho likiwa limezidi usawa kidogo, kwa kuwa huzama thina inapotoka. Ukiishia hapo inatosha kabisa kuzuia kutu. Anayetaka pasionekane asubiri wiki, abandike kiduara cha msasa namba 2000 kwenye ncha ya kifutio cha penseli, asugue kwa maji ya sabuni mizunguko michache tu, atazame, arudie, kisha namba 3000, kisha kompaundi. Klia inayozunguka ni maikroni 40 hivi. Msasa ukizidi utaimaliza, na huko hakuna kurudi bila kupaka kipande kizima.

Kwenye kuosha, jambo moja la hapa kwetu. Vumbi la saruji na chokaa likilowa juu ya rangi hushika na kuganda, nalo lina ukali wa kula klia. Usilifute likiwa kavu, maana unasugua mawe madogo juu ya gari, na usilinyunyizie maji kiduchu. Mwaga maji mengi mpaka yote yashuke, ndipo ushike kitambaa. Vidoa vilivyoganda hulegea kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, dakika chache tu, kisha suuza vizuri. Sabuni ya unga ya kufulia huondoa nta yote. Tumia shampuu ya gari. Na ukitoka ufukweni, suuza tumbo la gari siku hiyohiyo.

Vidonda vikiwa vingi kiasi kwamba kila upana wa kiganja una vitano au sita vinavyofika kwenye bati, tachi haina faida tena. Paka boneti lote upya. Hapo simama na fundi mpaka mkubaliane: boneti lifunguliwe, lisifunikwe magazeti likiwa juu ya gari, kutu ikwanguliwe yote, epoksi iwe ya kwanza juu ya bati, klia iwe yenye hadina, ipimwe kwa kikombe chenye alama. Ukingo wa mbele, upande wa chini unaojikunja, upakwe sawasawa na juu, maana maji ya chumvi hukaa hapo. Na mwambie akubakizie mililita 50 za rangi ileile aliyochanganya, kwenye kichupa cha glasi kilichojazwa mpaka juu ili hewa isibaki ndani, namba ya rangi na tarehe vikiwa vimeandikwa kwenye kibandiko. Jiwe la kwanza litalipata boneti hilo jipya kabla ya mwezi kwisha, na rangi ya dukani yenye namba ileile haitafanana nalo kama hiyo.